Kidole cha Mashine

Wiki ile ya baada ya Idi, wodi ya wanawake nilimokuwa nikifanya kazi, upande wa Handeni, ilijaa mikono mizuri. Ungepita katikati ya vitanda ungeona maua yanapanda kutoka viganjani hadi kwenye viwiko, majani yamezunguka vidole, ncha za vidole zimepakwa nyeusi ti kama zimechovywa kwenye wino. Wagonjwa walikuwa wanyonge, wengine hawawezi hata kuinua kikombe cha uji, lakini mikono yao ilikuwa bado inasherehekea. Niliipenda mikono ile. Mgonjwa anayejali mkono wake ni mgonjwa ambaye bado ana mipango na maisha.

Mashine zetu ndizo hazikuipenda.

Niieleze mashine kwanza, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilibishana na mtu niliyemheshimu kama mzazi wangu. Monita ni kisanduku chenye kioo kama televisheni ndogo. Kwenye kisanduku kunatoka waya, na mwisho wa waya kuna kibano kinachoshika ncha ya kidole, kama kibanio kinavyoshika nguo kwenye kamba. Upande mmoja wa kibano kuna taa. Upande wa pili kuna kitu kinachopokea mwanga wa taa hiyo ukishapita kwenye kidole. Damu yenye hewa ya kutosha ni nyekundu angavu. Iliyopungukiwa hewa ni nyekundu ya kiza. Mashine hupima tofauti hiyo na kuandika namba. Namba ikiwa tisini na kitu, kwa wagonjwa wengi hakuna shida. Ikishuka chini ya kiwango tulichoiwekea, inalia. Basi, ndiyo kazi yake yote. Haijui aliyelala ni nani, haijui kama juzi ilikuwa Idi, haijui kwamba kati ya taa na damu mtu amepaka piko, ile hina nyeusi. Hina nyekundu nyepesi mara nyingi haisumbui. Ni ile nyeusi, inayopakwa nzito kwenye kucha na ncha za vidole, ndiyo inayozuia mwanga. Mashine inaona giza, inadhani mgonjwa anakata pumzi, inaita.

Na ziliita kweli. Ziliita asubuhi tukitandika vitanda, ziliita wakati wa kugawa dawa, ziliita daktari akiwa katikati ya kumweleza mtu hali yake. Mwanzoni tulikuwa tunakimbia. Ukifika unakuta mgonjwa ameketi anamenya chungwa, anakutazama wewe unayehema kuliko yeye. "Vipi, sista, kuna nini?" Unahamishia kibano kidole kingine, nacho kimepakwa. Kesho yake hatukukimbia, tulitembea. Kisha siku moja mtu akasema kutoka mezani, bila kuinua kichwa, "Ni hina hiyo," na aliyekuwa karibu na kitanda akanyoosha mkono akabonyeza kile kitufe chenye picha ya kengele iliyokatwa mstari. Kimya kikarudi. Sote tukashusha mabega.

Haukupita muda "ni hina hiyo" likawa jibu la kila kitu. Mashine ya mwenye hina ikilia, ni hina. Mashine ya bibi ambaye hajagusa hina tangu aolewe ikilia, ni hina, labda kashikwa mkono na mjukuu. Mlango ukigongwa na upepo, mtu anasema ni hina. Tulicheka, na nisiseme kicheko kile kilikuwa kibaya; kazi ilikuwa nyingi, sisi wachache, na anayecheka kazini anafika jioni. Lakini ukiutazama vizuri utani ule utaona ulichokuwa unakifanya. Ulikuwa unatufundisha kutosikia.

Mimi nimekulia Kilole, Korogwe. Babu mzaa baba alikuja kukata mkonge akitokea mbali, hakurudi kwao. Mama yangu aliteremka kutoka Bungu, kule juu milimani kwa Wasambaa, akaolewa na baba. Mama aliuza machungwa stendi. Nani asiyeijua stendi, honi kutwa nzima, kila dereva anataka dunia ijue kwamba ameingia. Jua likiwa kali mama alikuwa anasinzia ameegemea tenga lake, honi zinapigwa juu ya kichwa chake kama hazipo. Basi lisilosimama likipita na kelele zake zote, hafungui hata jicho moja. Lakini likija lile ambalo abiria wake hununua, mama ameshasimama na machungwa mkononi kabla mimi sijaona hata vumbi. Nilimuuliza anasikiaje na alikuwa amelala.

"Sikio lina akili zake," alinijibu. "Honi ambayo haijawahi kuniletea mteja, sikio limeshaifuta."

Pale stendi sikio lilimfanyia mema. Wodini sikio hilohilo linatuharibia. Si uvivu, wala si roho mbaya. Mlio ukikudanganya mara nyingi, sikio lako huufuta, tena haliombi ruhusa. Kwa hiyo sikubali mtu anaposema wauguzi hawajali. Sikubali pia, na sitakubali, mtu anaposema basi ndivyo ilivyo, hakuna la kufanya.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa, na wodi ilijaa ndugu, vikapu na harufu ya wali.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala binti aliyeolewa si zamani, mimba yake ya kwanza imeshatokeza wazi chini ya shuka. Alikuwa na homa ya mapafu. Tulikuwa tumemwekea oksijeni. Mashine ya hewa ilisimama ukutani ikinguruma kama friji ya dukani; kutoka hapo mpira mwembamba ulipita sakafuni, ukapanda kitandani, ukaishia puani kwake. Na kidoleni, kibano. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yote mle ndani. Somo wake, yule mama aliyemfunda na kumpamba siku ya harusi, alikuwa amempamba tena kwa ajili ya Idi. Kwa hiyo mashine yake nayo ndiyo iliyoongoza kwa kulia.

Mama mkwe wake alikuja na wanawake wenzake wa kijijini. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye chupa ya uji kwapani na salamu kwa kila kitanda. Akavuta kiti cha plastiki hadi karibu kabisa na mkwewe, akaketi, na dua ikaanza. Wodi ikatulia, hata wasio Waislamu, maana hapa kwetu dua ya kitanda kimoja huitikiwa na kitanda cha jirani. Ndipo mashine ikalia.

Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Jamani, hiki kidude! Hata tukiongea na Mungu kinadakia?"

Wanawake wakacheka na amina zao mdomoni.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mezani. Sote tulimwita Mama, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kujipendekeza. Alikuwa Mzigua wa hapohapo, aliyezalisha wanawake akaja kuzalisha na binti zao. Ukienda naye sokoni hamfiki, kwa shikamoo. "Sista," aliniita, "kaizime hiyo. Watu wako kwenye dua."

"Nimwangalie kwanza, Mama."

"Umwangalie nini? Ni hina hiyo. Tangu asubuhi ni hina."

"Huenda ni hina. Lakini sizimi kabla sijamwangalia."

Sikupaza sauti. Lakini mbele ya wageni mtu hambishii Mama, hilo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Dua ilikatika. Vijiko vilisimama.

"Msambaa na ubishi," Mama alisema, na utani ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa onyo. "Nimesema zima."

"Sizimi, Mama."

Nataka nieleweke hapa. Sikujua lolote ambalo yeye hakulijua. Kama angeniuliza kwa kiapo, ningemwambia hata mimi nadhani ni hina. Nilichokuwa nacho ni ukaidi, na ukaidi huo ulikuwa na sababu moja tu: neno "ni hina" lilikuwa limesemwa na mtu aliyekuwa mezani. Kutoka mezani unaiona mashine. Mgonjwa humwoni.

Nikaipa mashine mgongo nikamtazama binti. Matundu ya pua yalikuwa yanatanuka. Ngozi kati ya mbavu ilikuwa inavutwa ndani kila alipopumua, na alikuwa anapumua kwa mabega, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Asubuhi alikuwa amenitania kuhusu viatu vyangu. Sasa nilipomwita aliitikia kwa kope tu.

Nikaweka mgongo wa mkono wangu chini ya pua yake, pale mpira unapotoa hewa. Hapakuwa na hewa.

Nikaushika mpira nikaufuata kwa vidole: shavuni, begani, ukingo wa godoro, sakafuni. Pale sakafuni ulikuwa umejikunja, na juu ya mkunjo ulisimama mguu wa kiti cha plastiki, na juu ya kiti ameketi mama mkwe na uzito wake wote na mapenzi yake yote.

"Mama, samahani, simama," nilimwambia mama mkwe.

"Nisimame? Kwani nimekosa nini?"

"Simama tu, mama yangu, upesi."

"Hata dua hatujaifunga, sista, subiri basi..."

Hakumaliza. Mama alikuwa ameshafika, sijui alitoka saa ngapi mezani. Alimshika yule mwanamke kwapani akamwinua kama anayeinua gunia, akasukuma kiti kwa goti, na mimi nikaunyoosha mpira. Ulikuwa umebanwa bapa. Hewa ikapita. Tulimkalisha binti wima, Mama akamsugua mgongo huku akisema naye kwa Kizigua, taratibu, vuta, achia, vuta.

Tulihitaji namba ya kweli. Kila kidole nilichoshika kilikuwa cheusi. Nikatazama miguu, nayo imepakwa hadi kwenye kucha. Ndipo nikaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kimefungwa kitambaa cha kanga. Nikakifungua. Kumbe mkesha wa Idi alikuwa anakaanga vitumbua, mafuta yakamrukia, na somo wake alikiruka kidole hicho kwa kumhurumia. Kidonda kilikuwa juu, karibu na kiungo. Ncha ilikuwa safi. Nikabana kibano pale.

Namba ilisimama kwenye themanini na kidogo. Safari hii haikuwa hina. Mimi na Mama tulitazamana juu ya kichwa cha binti, kisha tukatazama kioo, na namba ikaanza kupanda. Ilipanda kama watu wanavyopanda Bungu siku ya soko: inasimama, inapumua, inapanda tena. Ilipovuka tisini binti alifumbua macho.

"Mbona mmenizunguka?" aliuliza.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni. Vililetwa viti viwili, akavikataa vyote. "Mimi huyu," alisema, anajipiga paja, "juu namwombea mwanangu, chini nimemkalia pumzi!"

Hakuna aliyecheka. Jirani wa kitanda cha pili alimpa maji.

Kesho yake, kwenye ripoti ya asubuhi, jambo liliwekwa mezani, na liliwekwa vibaya. Daktari wa wodi, kijana mwenye huruma asiyelala vya kutosha, alitoa mapendekezo mawili. Kwanza, tubandike tangazo getini: marufuku kuja na hina. Pili, sauti za mashine zishushwe hadi chini kabisa, kwa kuwa wagonjwa hawapumziki na ndugu wanalalamika. Nilitazama vichwa vikiitikia kuzunguka chumba. Mama naye aliitikia. Na binti wa dirishani alikuwa bado kwenye oksijeni, mikono yake ileile, mimba yake ileile. Kama mapendekezo yale yangepita, siku mpira ukikunjwa tena, nani angesikia?

Nikasimama.

"Hilo tangazo mimi silibandiki," nilisema. "Hina haifutiki kwa sabuni. Mwanamke wa kijijini akisikia hospitali inakataza hina, hatakaa aisugue hadi itoke. Atakaa nyumbani na ugonjwa wake. Na bi harusi akiugua siku ya pili ya ndoa tumwambie nini? Arudi ikichujuka?"

"Tunazungumzia usalama," daktari alisema kwa upole.

"Hata mimi, daktari. Na sauti mkiishusha mtakuwa mmesema kwamba jana ile ilikuwa kelele. Haikuwa kelele. Jana wodi nzima, sisi na wageni, aliyesema kweli ni mashine peke yake."

Mama aligonga kalamu mezani. "Tumewaambia mara ngapi hawa kuhusu hiyo hina? Sikio la kufa halisikii dawa."

"Mama, jana sikio lisilosikia halikuwa la mgonjwa. Lilikuwa letu."

Nilikuwa na hakika nitahamishwa kabla ya chai.

"Haya," Mama alisema mwishowe. "Hina isikatazwe. Sauti isishushwe. Wodi hiyo hapo, apewe Msambaa. Lakini zikiendelea kulia ovyo mpaka Ijumaa, nazizima kwa mkono wangu huu, na wewe nakupeleka dirisha la kadi ukagombane na foleni."

"Nimekubali, Mama."

"Hujakubali, umebisha. Nenda."

Nikaenda. Na kwa kuwa huenda unayesoma haya una wodi yako mahali fulani, nikueleze tulichofanya, maana si uchawi na hakihitaji mashine mpya.

Tulianza na vibano vyenyewe. Vingine vilikuwa vichafu ndani, mafuta na poda ya watu wa mwezi mzima, tukavisafisha. Kimoja waya wake ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, ukiugusa kinalia, na kumbe nacho tulikuwa tunasema ni hina. Tukakitoa. Kisha nikamwendea daktari, na hakuwa amenuna, tukapita kitanda kwa kitanda. Viwango vya mashine zote vilikuwa vimewekwa sawa, kama viatu vya saizi moja kwa watu wote. Kulikuwa na bibi mwenye kifua cha miaka mingi, kazi ya kupikia kuni tangu utoto. Kwake yeye namba ya chini kidogo ndiyo afya yake. Mashine ilikuwa inamlilia kutwa kwa kosa la kuwa yeye. Daktari akamwekea kiwango chake. Mashine ikanyamaza, na bibi akasema, "Kumbe na mimi mzima!"

Tukakubaliana pia jambo la miguu. Mashine ikilia, anayeisikia wa kwanza anaenda, na anamtazama mgonjwa kabla ya kioo. Akimaliza anasema kwa sauti alichokikuta: kibano kimetoka, mpira umechomoka, amejigeuza tu. Neno "ni hina" halikupigwa marufuku, ila hulisemi ukiwa umekaa. Utani ulibaki. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa unautania kitandani kwa mgonjwa, umeshamshika mkono.

Ndugu tuliwaambia ukweli. Wengi wao waliamini mashine ikilia maana yake mtu anakufa, ndiyo maana walitaka izimwe, kama anayemziba mdomo bundi. Niliwaeleza kwamba inaita, haitabiri. Mama mkwe ndiye aliyeelewa haraka kuliko wote. Siku zile hakuketi tena kwenye kiti. Alitandika mkeka mbali na mpira, na kila mgeni aliyeingia alimkagua miguu. "We, angalia unapokanyaga! Hapo inapita pumzi ya mkwe wangu."

Lakini vidole vilibaki vyeusi, na kibano kilikuwa bado kinahangaika. Hilo halikuwa la kwetu sisi wenye sare. Lilikuwa la somo.

Somo alikuja mwenyewe, kanga mbili mpya, amekasirika. Alisimama mlangoni mwa wodi. "Yuko wapi huyo anayesema kazi yangu inaua watu?"

"Shikamoo, mama," nilisema. "Ni mimi, ila sikusema hivyo."

"Marahaba. Umesemaje basi?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba kidole, kimepakwa vizuri kuliko vyote, nikakibana. Kioo kikahangaika, kikaandika, kikafuta, mashine ikalia. Somo akakitazama.

"Inasemaje?"

"Inasema huna hewa, mama. Hali yako ni mbaya sana."

"Yaani mimi ni maiti."

"Karibu."

"Basi mwambie maiti huyu ametembea kwa mguu kutoka stendi kuja kukugombeza." Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka mwisho, kwa shingo upande. Kisha nikamwonyesha kidole cha binti, kile kilichoungua, jinsi namba inavyokaa pale kimya. Nikamwambia ninachotaka: mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kulazwa, amwachie kidole kimoja.

"Kidole kitupu!" Aliruka. "Watu watasema hina iliniishia. Watasema somo kazeeka, haoni."

"Waseme."

"Rahisi kwako. Wewe hupambi mtu."

"Mama, mimi jana na juzi nimebishana na wakubwa wote wa humu ili hina yako isikatazwe getini. Wangeikataza leo hii. Nimevitetea vidole vyote kumi. Nipe kimoja."

Somo aliketi kitandani kwa binti, akavaa miwani, akachukua mkono wake wa kushoto. Akakizungusha kile kidole huku na huku kama fundi anayepima kitambaa kilichopungua. "Kikiachwa hivihivi ni aibu," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Lakini hapa shinani nikichora pete, nene, yenye kichwa, halafu juu nisiguse... itaonekana nimekusudia." Akainua uso. "Nimekusudia, sikiliza. Si kwamba nimeagizwa na nesi."

"Umekusudia, mama."

Ijumaa ilifika. Mama alikuja akaweka kiti katikati ya wodi, akaketi, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza redio. Kulikuwa kimya, na hakikuwa kimya cha kubonyeza kitufe. Baada ya kitambo mashine moja ikalia, ya bibi mwenye kifua. Tuliinuka watu wote, lakini Mama alikuwa karibu zaidi. Mpira ulikuwa umemchomoka puani alipokuwa anajifuta uso. Mama akaurudisha, akamshika bibi mkono hadi namba iliporidhika.

"Mpira ulitoka," alitangaza kwa sauti, kama tulivyokubaliana. Kisha aliponipita: "Dirisha la kadi lipo, usidhani limefungwa."

Sitakudanganya kwamba mashine zimekoma kudanganya. Zinadanganya bado. Wanakuja wenzetu wapya waliochoka wanakotoka, na wiki ya pili nawasikia wanaanza: ni jasho hilo, ni waya huo, ni umeme. Ninawapenda na ninawakatalia. Siwakemei. Nawaambia, sawa, inawezekana kabisa, simama tukaone. Nitalisema neno hilo hadi nistaafu, na wakinichoka, na wanichoke. Uchovu wao naujua, lakini hauruhusiwi kumwamulia mgonjwa.

Binti wa dirishani alipona mapafu, akaruhusiwa na mimba yake salama. Alirudi wakati wa kujifungua. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma yake kwenye nyingine na chupa ya uji, na kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimeshaona mikono. Imepambwa upya, hadi kwenye viwiko, utadhani anakwenda harusini. Alipolala kitandani sikumwomba kidole. Alinipa mwenyewe: kile cha mwisho, mkono wa kushoto. Shinani pete nene, nyeusi, yenye kichwa. Juu yake, ngozi tupu.

"Cha mashine hiki," alisema. "Kijijini sasa hivi tuko wengi."

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mtu wa makao makuu aliyekuja kukagua, shati limepigwa pasi. Akiwa katikati ya wodi, mashine ya binti ikaanza kulia. Mgeni akakunja uso. "Mama," alimwambia mkuu wetu, "hizi kelele haziwezi kuzimwa?"

"Zinazimwa," Mama alijibu, ameshampita, miguu yake mizee inakwenda upesi kuelekea kitandani. "Zinazimwa kwa kwenda kuangalia. Njoo uone."